Siku Tisa Bila Wifi

Bi Nukta alifika dukani saa mbili na nusu asubuhi akakuta ameshaandaliwa kiti, kompyuta na mkosaji. Kiti kililetwa na mtunza stoo, mtu mpole ambaye watu wote walimwita Swadakta kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Kompyuta iliwashwa na mkwe wa mwenye duka. Mkosaji hakuwepo. Alikuwa amefukuzwa siku nne zilizopita na kuambiwa asikanyage pale mpaka aitwe.

Lilikuwa duka la pampu za maji: mbele kaunta, nyuma stoo, katikati ofisi yenye meza mbili na dirisha linalotazama ua wa mafundi. Mwenyewe, mjane aliyejulikana mji mzima kama Mama Pampu, alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Wiki iliyopita alikiandikia kiwanda hundi ya mzigo mpya. Programu ya hesabu ilimwonyesha kwamba ana milioni sita, laki nane na kidogo benki. Benki ikasema ana milioni mbili na laki moja tu. Hundi ikarudi, na kiwanda kikashusha mzigo wake kutoka kwenye lori mbele ya wanunuzi wengine. Aibu ile ilimuuma kuliko hasara.

Hesabu za duka zilikuwa na mtu mmoja tangu siku ya kwanza, miaka ishirini na miwili nyuma: dada wa marehemu mumewe. Mama Pampu alimwita wifi, kama ilivyo haki. Wafanyakazi wakalidaka jina, wateja nao wakalidaka kwa wafanyakazi, mpaka lile alilopewa na wazazi likasahaulika. Vurugu ilianza duka lilipowekewa mtandao usiotumia waya. Mtu wa kaunta akipaza sauti kwamba wifi imekufa, mteja mgeni aliuliza maziko ni lini.

Mkwe, aliyemuoa binti pekee wa nyumba ile na kukabidhiwa mauzo, aliieleza kesi yake kwa mpangilio, na Bi Nukta hakumnyima sifa hiyo. Alisema kwamba miezi minne iliyopita aliiunganisha programu ya hesabu na benki. Kabla ya hapo shangazi, maana kwake Wifi alikuwa shangazi wa mkewe, alitumia siku mbili za kila wiki kunakili taarifa ya benki mstari kwa mstari. Sasa kila alfajiri programu inaichota yenyewe miamala ya jana, inasoma maneno yaliyoandikwa kwenye kila muamala, na kuuweka mahali pake: mauzo kwenye mauzo, umeme kwenye umeme. Mtu hana haja ya kugusa.

"Lakini kuna mtu aligusa," alisema, akafungua faili la kijani. Mwezi uliopita, kuanzia tarehe tatu hadi kumi na moja, mapato ishirini na sita yaliandikwa kwa mkono, kwa jina la Wifi na neno lake la siri. Na daftari la zamu lilionyesha kwamba siku hizo hizo tisa, ambazo mkwe alikuwa mikoani kwa mauzo na Mama Pampu kijijini kwao, Wifi hakuonekana kazini. Kwa maoni ya mkwe, mambo yalikuwa wazi. Shangazi alichukua fedha taslimu za kaunta, akajificha nyumbani, na huko akaziandika kama vile zimepelekwa benki. Afisa wa polisi angekuja kulichukua faili saa tisa alasiri.

Nadharia hiyo haikuwa ya kijinga. Bi Nukta alikuwa amekagua mabenki miaka kumi na tisa kabla ya kujitegemea, na aliwajua watu waliofanya hivyo hasa. Alitoa penseli. Jina lake lilitokana na penseli hiyo: kila mstari aliouridhia aliuwekea nukta pembeni, na usio na nukta hakuuruka. Akaomba daftari la zamu.

Kwenye kila ukurasa wa siku zile tisa, chini kabisa, palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa duara: Wifi haipo.

Bi Nukta aliyasoma mara mbili, kisha akaomba aitiwe aliyeyaandika. Akaja dada wa kaunta, akikausha mikono kwenye aproni.

"Hapa ulimaanisha nini?"

"Kwamba haipo. Mtandao. Waliokuwa wanachimba mtaro walikata nyaya, tukakaa siku tisa kama tuko pangoni."

"Na kama ungekuwa unamsema shangazi?"

Dada wa kaunta alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe anataga. "Ningeandika hayupo. Shangazi ni mtu, si kitu."

Alipoulizwa zaidi alisema Wifi alikuja kazini siku zote tisa, tena kwa miguu, na kwamba kila asubuhi alitoka kwa saa moja hivi na kurudi na karatasi. Mkwe alilivuta daftari, akalisoma upya, midomo ikimchezacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Masikio yake yalibadilika rangi. Bi Nukta aliweka nukta tisa, akachukua mkoba wake. Mama Pampu akainuka ili wafuatane.

"Wewe baki, mama. Mpaka saa tisa bado wewe ndiye mlalamikaji."

Wifi alikaa mtaa wa pili, vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Alikuwa anapiga pasi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na alimkaribisha Bi Nukta bila kuizima pasi. Swali la kwanza aliuliza yeye: kama Mama Pampu anakumbuka kumeza dawa zake za presha, maana yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha kila siku saa nne asubuhi. Bi Nukta alisema hajui. Wifi akatikisa kichwa, akaendelea na kola ya shati.

Akaulizwa kuhusu mapato ishirini na sita. Alikiri mara moja kwamba aliyaandika yeye.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

Pasi ilikwenda na kurudi mara tatu kabla hajajibu. Alieleza kwamba asubuhi ya tarehe tatu alifungua programu akabonyeza kitu, hakumbuki kipi, na papo hapo kikatokea kibandiko chekundu kusema uhusiano na benki umekatika. Habari za mtaro hakuzisikia mpaka jioni, na hata alipozisikia hakuzisadiki. Mkwe alikuwa amemwonya asiguse. Wateja nao walikuwa wanapiga simu kuuliza kama malipo yao yameingia, na jibu hakuwa nalo. Basi kila siku alikwenda kwa miguu mpaka benki, akaomba orodha ya fedha zilizoingia, akarudi kuziandika moja moja kama alivyofanya miaka yote.

"Niliogopa kuambiwa nimezeeka," alisema. "Mtu akiambiwa hivyo mara ya kwanza, ya pili haiko mbali."

"Mtandao uliporudi, ulitazama kama programu imezileta tena?"

"Izilete tena za nini? Siku zilikuwa zimeshapita."

Bi Nukta aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akaaga.

Kutoka hapo alipitia benki na barua ya idhini ya Mama Pampu. Hakutaka kile kinachoonekana kwenye kompyuta. Programu ilikuwa inaletewa mambo matatu tu kwa kila muamala: tarehe, kiasi, na maneno machache ya maelezo. Alitaka taarifa ndefu ya miezi minne, iliyopigwa muhuri, yenye namba za akaunti za waliolipa na waliolipwa. Alisubiri dakika arobaini, akaondoka na kurasa thelathini na moja.

Saa sita na robo alikuwa amekwisha zitandaza juu ya meza zote mbili. Alimpa mkwe kazi ya kusoma kwa sauti kutoka kwenye programu, yeye akifuata kwenye karatasi. Walipofika laki moja themanini na sita elfu na mia tatu hamsini, Bi Nukta alimwomba arudie tarehe. Tarehe nne. Mistari kumi na mbili baadaye mkwe akasoma tena laki moja themanini na sita elfu na mia tatu hamsini, tarehe tano. Kwenye karatasi ya benki kiasi hicho kilikuwa kimoja tu.

Mkwe akaanza kusoma haraka, na kila alipokuta kiasi alichokwisha kukitaja aligonga meza kwa kidole. Aligonga mara ishirini na sita.

Bi Nukta akamfafanulia Mama Pampu taratibu. Mtandao ulipokatika, Wifi aliandika mapato kwa mkono. Uliporudi tarehe kumi na mbili, programu haikuanzia tarehe kumi na mbili. Ilirudi nyuma mpaka pale ilipoachia, ikachota siku zote tisa, kama mhudumu anayerudi likizo na kuleta barua zote zilizomsubiri. Wifi alichukua kiasi kwenye orodha ya benki, ila tarehe aliandika ile ya risiti, siku ambayo mteja alilipa. Benki iliandika tarehe ambayo fedha zilifika, siku moja baadaye. Kwa tofauti hiyo ya siku moja programu haikuyatambua kuwa ni malipo yale yale, ikayakaribisha mara mbili. Jumla ya mapato yaliyoingia mara mbili ilikuwa milioni nne, laki saba na kumi na mbili elfu, mia tatu na hamsini. Alitoa salio la benki kwenye salio la programu. Tofauti ikawa hiyo hiyo, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Fedha hizi hazikuibiwa," alisema. "Hazikuwahi kuwepo."

Mama Pampu alikwisha simama akitafuta viatu vyake chini ya meza. Mkwe alifunga faili la kijani, akalifungua, akalifunga. Akasema atampigia afisa asije.

"Mwache aje," Bi Nukta alisema. Alikuwa bado ameshika penseli. "Tumejua kwa nini programu inasema milioni sita. Hatujajua kwa nini benki ina mbili. Wewe umeniambia mwaka huu mmeuza zaidi kuliko mwaka jana."

Mkwe alikubali kwamba ndivyo, kwa robo nzima zaidi.

"Basi zimepita wapi?"

Aliomba kuonyeshwa kanuni, yaani maagizo ambayo mkwe aliipa programu ili ijue kila muamala uende wapi. Zilikuwa tano, na pembeni ya kila moja programu ilionyesha idadi ya miamala iliyokwisha pita humo. Ya umeme: minne, mmoja kwa mwezi, akaweka nukta. Ya kodi ya jengo: minne, akaweka nukta. Ya tano ilisema kwamba muamala wowote unaotoka wenye neno REJESHO uwekwe kwenye pampu zilizorudishwa na wateja, na ufungwe bila kumwonyesha mtu. Idadi yake ilikuwa kumi na tisa. Penseli ikabaki hewani.

Aliinuka, akafungua kabati, akatoa leja ya mwaka jana yenye mwandiko mdogo ulionyooka wa Wifi. Mwaka mzima pampu zilizorudishwa zilikuwa nne.

"Ama kiwanda kimeanza kuuza takataka," alisema, "au kuna mtu amejua kwamba hapa hapatazamwi."

Macho ya Mama Pampu yalimwendea mkwe polepole, na mkwe aliyaona. Kanuni ilikuwa yake. Alisema kwa sauti kavu kwamba aliiweka kwa sababu marejesho yalikuwa machache mno kumsumbua mtu. Bi Nukta alimwambia apumue. Aliyejenga mlango si lazima awe ndiye aliyepita. Kisha akauliza utaratibu. Rejesho linaanzia kwa nani?

Walimweleza. Mteja akirudisha pampu mbovu, mtunza stoo huipokea, hujaza karatasi yenye jina la mteja, namba ya risiti, namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye pampu, na akaunti ya kurudishiwa fedha. Karatasi huja kwa Mama Pampu, naye huidhinisha malipo kwenye simu. Zamani, kabla ya programu, Wifi asingekubali kuandika rejesho mpaka aende mwenyewe stoo kuiona pampu. Sasa hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Bi Nukta aliziweka karatasi kumi na tisa za marejesho kando ya taarifa ndefu ya benki. Majina ya wateja yalikuwa kumi na tisa. Akaunti zilizolipwa zilikuwa mbili.

Stoo ilinukia mafuta ya grisi na maboksi mapya. Swadakta aliwapokea kwa heshima, akataka kuleta kiti. Bi Nukta alikikataa, akamwambia angependa kuziona pampu zilizorudishwa.

"Zile zilirudi kiwandani, mama."

"Kumi na tisa zote?"

"Swadakta."

"Kwa lori gani?"

Alisema ni lori la kiwanda lenyewe, huja mara kwa mara. Mama Pampu akasema kwa sauti ya chini kwamba lori la kiwanda halijaja tangu mwanzo wa mwaka, na ndiyo maana alikuwa ameandika hundi. Swadakta akafikiri, akasema basi labda nyingine zimevunjwa kwa vipuri, mafundi wangejua. Bi Nukta hakubishana. Alitoa karatasi ya juu, akamsomea mkwe namba ya kiwandani, akamwomba atafute kwenye rafu. Mkwe alianza na safu za mbele, akaenda za kati, akapanda ngazi mpaka safu ya nyuma kabisa.

"Ipo," alisema kutoka juu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alishuka na boksi mikononi. Vumbi lilikuwa limelala juu yake, na utepe wa kiwanda ulikuwa haujakatwa. Namba iliyokuwa ubavuni ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi.

"Mteja ameinunua pampu hii, ameitumia, imeharibika, ameirudisha," Bi Nukta alisema. "Na muda wote huo haijatoka kwenye boksi. Nikitafuta nyingine kumi na nane, nitazikuta safu ile ile?"

Swadakta alikaa juu ya debe la rangi. Alipoanza kusema hakumtazama Bi Nukta bali Mama Pampu. Alisema mara ya kwanza halikuwa kusudio. Mteja asiye na akaunti alirudisha pampu kweli, fedha zikapitia akaunti ya Swadakta ili amkabidhi taslimu, na kesho yake mteja akabadili mawazo, akaichukua tena pampu na kuziacha fedha. Fedha ile aliishika mkononi siku tatu.

"Nilingoja niulizwe," alisema. "Wifi angeuliza jioni ile ile. Sikuulizwa. Mwezi ukapita, sikuulizwa. Nikajua mashine haiulizi."

Akaunti moja ilikuwa yake, ya pili ya mdogo wake. Jumla ilikuwa milioni tatu na laki tatu na kidogo, na sehemu kubwa ilikuwa imeshakuwa kuta na bati. Mama Pampu alimuuliza kitu kimoja tu: siku Wifi alipofukuzwa, yeye alikuwa wapi. Alisema alikuwa hapo hapo, mlangoni, na ndiye aliyembebea mkoba mpaka barabarani. Mama Pampu akageuka akatoka. Afisa wa polisi alifika saa tisa kamili kama alivyoahidi, akalikuta faili la kijani likimsubiri. Karatasi za ndani zilikuwa nyingine.

Saa kumi walipanda ngazi za fundi viatu, wote watatu. Mama Pampu alisimama kizingitini.

"Sina uso wa kuingilia, wifi. Lakini nimekuja."

"Mlango haujafungwa," Wifi alisema.

Bi Nukta aliisoma ripoti yake kwa sauti, na hakuruka aya mbili zilizomhusu Wifi mwenyewe. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, pasi ikiwa imezimwa. Kisha akauliza kama maana yake ni kwamba hundi ilirudi kwa sababu yake.

"Kwa sababu yako kwa sehemu," Bi Nukta alisema. "Uliandika sawasawa, ila ulinyamaza. Wizi si wako."

Wifi aliinamisha kichwa, akakubali. Mama Pampu alijaribu kusema jambo kuhusu miaka ishirini na miwili. Wifi akamshika kiganja bila kumtazama, akamuuliza kama amekunywa dawa. Hakuwa amekunywa. Akaletewa maji.

Mkwe ndiye aliyezungumza baada ya hapo, akiwa bado amesimama. "Shangazi, nilikuambia usiguse. Nilipaswa kukufundisha namna ya kugusa."

"Utanifundisha?"

"Nitakufundisha."

"Na ile kanuni yako ya marejesho uifute."

Mkwe alisema, kwa uangalifu mkubwa, kwamba si lazima kuifuta. Inaweza kubaki ikipendekeza tu, na muamala usifungwe mpaka mtu auone na kuukubali. Akaeleza pia kwamba mtandao ukikatika hakuna haja ya kuandika tena kwa mkono, kwani programu itarudi kuzichota siku zote zilizopita. Na kama mtu amekwisha andika, aseme, ili nakala moja itolewe. Wifi alimsikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyejibu vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

"Basi ilete yenyewe," alisema. "Kupokea nitapokea mimi."

Akamgeukia Mama Pampu, akauliza kama hundi ya pili imeshaandikwa. Haikuwa imeandikwa. Kwa milioni mbili, alisema, wanachukua nusu ya mzigo leo, na nusu nyingine wakishauza. Mama Pampu alisema ni saa kumi na nusu, wangoje kesho.

"Kesho watakuwa wameshampa mtu mwingine," Wifi alisema. Alikwisha vaa viatu. Alizima taa ya chumba, akashuka ngazi mbele yao, Mama Pampu nyuma yake akiwa bado na glasi ya maji mkononi, na mkwe akabaki nyuma kufunga mlango.